Jogoo wa Bunduki

Nimestaafu majuzi tu na tayari nimechoka kustaafu. Nyumba yangu iko Soweto, hapa Mbeya, nimeijenga mwenyewe tofali juu ya tofali, na nimeizunguka hadi majani ya pembeni mwa ukuta yamekufa kwa kukanyagwa. Mke wangu anasema nikae. Nikikaa, goti linacheza lenyewe. Jirani ana pikipiki mbovu ambayo ikiwashwa inalipuka kama baruti, na kila ikilipuka mimi nimeshafika mlangoni, nauliza nani yuko ndani ya shamba. Hakuna shamba. Kuna uchochoro na mama anayeuza vitumbua, naye ameshazoea, ananijibu, "Ni mimi, baba, endelea kupumzika."

Ndiyo maana naandika. Nawaandikia ninyi mliobaki kule Igowole na mashamba ya jirani, walinzi na wasimamizi, hasa ninyi mnaopenda kusema "hayo ni ya zama zenu, Mzee Amba." Zama zenu zipi? Nguruwe pori hawajastaafu. Habari za vyeo na mshahara sitaziandika, kila mtu ana za kwake. Nitaandika habari ya bunduki ndani ya shamba la mtu, kwa sababu sioni anayewafundisha, na mimi jambo hilo nalijua kuliko msimamizi yeyote kuanzia Nyololo hadi milimani kwenye chai. Nasema hivyo bila kuona haya. Shule niliacha darasa la nne. Mengine yote nimeyapata kwa miguu.

Siku ya kwanza nilishuka Nyololo kutoka kwenye lori la viazi, nina blanketi na kiburi. Baridi ya pale ilinipiga hadi nikasahau salamu. Aliyenichukua kazi ni Haji, mfanyabiashara wa Iringa mjini, anauza vifaa vya ujenzi, babu zake walitoka pwani. Alikuwa amenunua shamba karibu na Igowole: mahindi bondeni, misindano ya mbao kilimani, na baadaye parachichi. Nilipewa rungu, tochi, na koti la mvua lenye harufu ya mtu mwingine. Mimi nilitegemea bunduki. Nilimwuliza Haji bunduki iko wapi.

"Silaha ni mzigo, mwanangu," akasema kwa ile sauti yake ya taratibu. "Vibali, kabati la chuma, ukaguzi. Siwezi. Kuna mzee wa huko kijijini ana gobore lake na kibali chake. Anatutosha."

Shikeni hapo. Mwenye shamba alitaka kazi ya bunduki, mzigo wa bunduki hakuutaka. Mimi siku ile nilisikia neno "anatutosha" nikaona ni jambo la kawaida.

Mzee mwenyewe nilimkuta kesho yake asubuhi ndani ya mahindi, kavaa kofia ya sufu na koti la jeshi la zamani, anatazama nyayo.

"Kamwene," akanisalimu kwa lugha ya kwao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Mnyakyusa wa ndizi uliyeletwa kulinda mahindi?"

"Ndiye mimi. Na hapiti mwizi hapa."

"Mwizi kweli hapiti, baridi inamshinda. Anayepita ana miguu minne na meno ya kuchimbia, na rungu lako atalitafuna." Akanitazama kuanzia juu hadi chini. "Unajua kupiga?"

"Najua sana," nikasema. Sikuwa nimewahi kushika hata manati nzuri.

Huyo ndiye Mzee Kalinga, na kila mnachonisifia kimetoka kwake, ingawa nimekiboresha. Hakunipa gobore kulishika kwa muda mrefu sana. Alinitembeza. Kabla ya kushindilia baruti alizunguka kipande chote cha shamba, akauliza nani analima kule chini, nani kaenda kuchota maji, ng'ombe wa nani wako ng'ambo. Halafu alichagua pa kukaa, daima akitazama kilima, kamwe hakutazama njia. Kila nilipomwonyesha nguruwe kwa kidole, aliniuliza swali moja tu: "Nikimkosa, inakwenda wapi?" Gobore hupiga mara moja, kisha ni kazi ya kushindilia upya, na marisau yake yanatawanyika kama mtama uliomwagwa. Nilipoanza kulijibu swali lile kabla hajaniuliza, ndipo aliponipa kulishika. Likanipiga bega, nikaanguka. Alicheka hadi akakohoa.

Sasa iko desturi moja ya pale, na msipoielewa hamtaelewa lolote mbele. Ukiangusha mnyama katika ardhi ya mtu, mguu mmoja wa nyuma ni wa mwenye ardhi. Hata kama hayupo, unapelekwa kwake. Asiyepeleka mguu anahesabika mwizi aliyeingia kwa kunyatia. Na mwenye ardhi akishaupokea, amekubali kwamba uliingia kwa ruhusa yake, kesho hawezi kukugeuka akakuita mwizi. Hakuna karatasi. Mguu umetoka, mguu umepokelewa, basi.

Nguruwe wa kwanza niliyemwona anaanguka, Mzee Kalinga aliukata mguu, akaufunga vizuri kwa majani, akanikabidhi.

"Mpelekee tajiri wako Iringa."

"Mzee! Tajiri ni Muislamu. Ukimpelekea huu mguu tutafukuzwa wote wawili, na mimi ndio kwanza nimefika."

Akakaa chini juu ya jiwe. Nadhani jambo hilo hakuwa amelifikiria, maana kijijini pale ni Walutheri na Wakatoliki watupu, na nguruwe ni sherehe. Akaukuna mguu wa mnyama kwa kisu, bila sababu, muda mrefu.

"Sasa nitaingiaje tena shambani kwake?" akauliza. Alikuwa na huzuni ya kweli. "Bila kumpa kitu, mimi ni mwizi wa shamba."

Kesho yake akaja na jogoo hai, kamfunga miguu kwa kamba ya katani. "Huyu anakula mahindi, naye mahindi ni ya Haji," akasema. "Mpelekee huyu badala ya mguu."

Nilimpeleka mwenyewe. Nilikaa na jogoo kwenye basi hadi Iringa, akanichafua suruali yangu pekee. Haji aliuliza ni wa nini, nikamweleza yote, mguu na desturi na huzuni ya mzee juu ya jiwe. Haji akacheka hadi kofia ikamwangukia pajani. "Mwambie nimepokea," akasema. "Na aendelee."

Tangu siku ile, kila mnyama aliyeanguka, jogoo mmoja alikwenda Iringa. Mimi nilikuwa ndiye mchukuzi, na hata nilipokuwa msimamizi sikumwachia mtu kazi hiyo.

Nilipokuwa msimamizi nilianza mambo yangu. Lile la vitambaa ni langu, hakuna mwingine, na mkisikia mtu wa shamba la jirani anadai ni lake mwambieni aje Soweto aniambie mimi. Katikati ya mahindi ilipita njia ya watu, kutoka kijiji cha juu kwenda chini kwenye zahanati, kanisani na sokoni Igowole. Haji hakuwahi kuifunga, wala nisingemshauri, maana ilikuwepo kabla yake. Basi nikasimika mti kila mwisho wa njia, mmoja hapo getini. Bunduki ikiingia shambani, naning'iniza kitambaa chekundu pande zote mbili. Kitambaa kipo, hapiti mtu, zunguka kwa barabara. Kitambaa hakipo, pita na Mungu wako. Watoto walijua. Hata walevi wa ulanzi walijua. Walikuwa wanasimama pale chini ya mti wakibishana kama kitambaa ni kimoja au viwili, lakini hawakupita. Nilimpigia Haji simu kumweleza, akasema, "Fanya unavyoona." Yeye alikuwa anakuja shambani kwa nadra, na akija huwa ni mchana, hakuna bunduki.

Asubuhi ninayotaka kuwasimulia ilikuwa na ukungu mzito. Nguruwe walikuwa wamelala ndani ya mahindi yaliyokomaa, tuliona wameingia na hawajatoka. Nilining'iniza vitambaa mwenyewe, nikamwona Mzee Kalinga akivitazama, akaingia. Mimi nikaondoka kwenda Makambako kutafuta kifaa cha pampu. Hadi hapo kila kitu kilikuwa sawa, naomba mlisikie hilo vizuri.

Nyuma yangu Haji akafika bila taarifa, amewaleta wanunuzi wa parachichi. Yaliyotokea getini nilisimuliwa na Chesko, mlinzi wa zamu, mtu mkweli na mwoga kwa kiasi kilekile.

"Chesko, haya matambara mekundu ni ya nini?" Haji akauliza.

"Haji, ni ya Amba, ni kwa sababu ya—"

"Wageni wangu watadhani nimewaleta kwa mganga! Toa. Toa upesi, wanashuka."

Chesko akakitoa cha getini, akakimbia hadi mwisho wa pili akatoa na kile, akavitia mfukoni. "Nilitaka kumweleza, Amba," aliniambia baadaye, "lakini alikuwa ameshanipa mgongo." Mgongo wa tajiri! Ndugu zangu, kama mtachukua neno moja tu kwangu, chukueni hili: semeni na huo mgongo. Una masikio.

Mama Eda alitokea kijiji cha juu na beseni la viazi kichwani, mjane, anaishi kwa jembe lake. Akafika kwenye mti, akatazama, hakuna kitambaa. Akapita. Nguruwe akachomoka, Mzee Kalinga akafyatua kuelekea njiani, mara yake ya kwanza tangu nimjue, kwa sababu asubuhi ile jibu la swali lake alikuwa nalo: ikikosa inakwenda njiani, na njiani hakuna mtu, kitambaa kipo. Marisau yakamwingia Mama Eda pajani na gotini.

Mzee alimbeba mgongoni hadi getini. Haji, simnyimi haki yake, alimpakia kwenye gari lake mwenyewe akakimbia naye hospitali Mafinga, na mmoja wa wale wanunuzi alikishikilia kichwa chake njia nzima. Hawakujali matambara wala nini. Walinunua parachichi mwezi uliofuata.

Niliporudi, gobore lilikuwa limelazwa chini mbele ya geti na Mzee Kalinga amekaa kando yake, anawasubiri polisi.

"Kitambaa kilikuwepo, Amba," akasema. "Nilikiona kwa macho yangu." Nilitazama juu ya mti, nikazunguka ule mti kama mbuzi aliyefungwa, nikaenda mti wa pili, nikarudi. Chesko akavitoa mfukoni akanionyesha.

Kesho yake Haji akapiga simu.

"Mwanangu, nisikilize. Kama mzee aliingia mwenyewe, bila mtu kumruhusu, jambo linaishia kwake. Wewe ndiye msimamizi. Sema hukumwita."

"Na yeye, Haji?"

"Yeye ni mzee, watamhurumia."

"Na vitambaa?"

"Vitambaa gani?"

Kuanzia hapo sikukaa. Nilitembea mpaka wa shamba lile nikiwa sina ninachokagua. Huku ni Haji, aliyeniokota na blanketi na kiburi akanifanya mtu. Huku ni Mzee Kalinga, aliyenifundisha pa kusimama. Polisi walimwachia kwa dhamana, gobore wakabaki nalo, na walichotaka kujua ni kama aliingia kwa ruhusa au kwa kunyatia. Kama ni kwa kunyatia, alikuwa na jela mbele yake na mguu wa Mama Eda juu yake, naye hana kitu zaidi ya nyumba. Nikaenda Mafinga kumwona Mama Eda mwenyewe. Nilimkuta amekaa kitandani, mguu umefungwa kama mtoto mchanga.

"Mzee alikuwa hapa," akaniambia. "Anataka kuezua mabati yake ayauze anipe mimi. Nimemfukuza. Nichukue bati za mtu, anyeshewe? Mimi sina neno naye, kanibeba mgongoni na magoti yake yale. Lakini Amba, nani atanilimia? Nitakula mikutano yenu?"

Nilisimama pale nikahamisha kiti mara mbili.

Halafu Haji akaagiza nimpeleke Mama Eda nyumbani kwake Iringa, mara tu atakapoweza kusafiri, wakili wake azungumze naye. Siku ilipofika nikampandisha Mama Eda mbele kwenye pikapu, na nyuma nikampandisha Mzee Kalinga, ambaye hakualikwa na mtu. Gari la Haji, mafuta ya Haji. Nikasema akinifukuza, anifukuze kwa jambo lenye uzito.

Haji alipomwona mzee anavua viatu barazani, aliangalia pembeni. Hakumsalimu. Tulikaa sebuleni. Wakili alikuwa mtu mtulivu, hana makuu, na naomba msidhani nitamcheka. Alituwekea jambo wazi kuliko mtu yeyote tangu siku ya tukio.

"Haiangaliwi aliyefyatua peke yake," akasema. "Mwenye ardhi akijua bunduki inatumika kwake, akairuhusu, na akijua kuna watu wanapita, ana wajibu wa kuwakinga hao wanaopita. Akiwa hajui, na mtu ameingia kwa siri, hapo ni habari nyingine. Kwa hiyo nina swali moja tu. Haji, ulijua?"

"Sikujua," akasema Haji.

"Haji!" nikasimama.

"Kaa, Amba."

"Siwezi kukaa. Mimi ndiye niliyekuwa naleta—"

"Wewe ni rafiki wa huyu mzee," wakili akanikatiza kwa upole. "Si ndiyo?"

"Ni mwalimu wangu."

"Basi neno lako litasemwa ni la upande mmoja."

Haji akakunja mikono. "Jamani, mimi mnyama huyo hata jina lake halitajwi humu ndani. Nitampaje mtu ruhusa ya kumfuata? Huyu mzee mimi simjui. Sina uhusiano naye wowote."

Hapo hapo, uani, jogoo akawika.

Mama Eda, Mlutheri wa kuzaliwa, akanitazama. Nami Mmoraviani, niliyefundishwa kanisani habari ileile ya jogoo na mtume aliyekana, nikaangalia zulia.

Mzee Kalinga akainua kichwa. "Ni yule mwekundu," akasema polepole, kama anaongea peke yake. "Sauti yake naijua. Kumbe amekua."

Mlango ukafunguliwa, akaingia Bi Zuhura, mke wa Haji, na sinia la chai na kalmati. Alikuwa jikoni, hakusikia lolote. Nikamwambia karibu mama, hawa ni Mama Eda na Mzee Kalinga kutoka Igowole. Mama wa watu nusura amwage chai.

"Mzee Kalinga! Ndiye wewe? Miaka yote nakula kuku wako na sura yako siijui! Huyu wa mwisho bwana Haji kakataa asichinjwe. Anasema anawika vizuri alfajiri, anamwamshia sala. Kutwa nasikia, 'Mpeni maji jogoo wa bunduki, mpeni maji.'"

Wakili akaweka kalamu mezani. "Jogoo wa bunduki?"

"Ndivyo tunavyowaita," Bi Zuhura akasema, anagawa vikombe. "Kila akiangusha mnyama shambani kwetu, anatuletea jogoo. Ni adabu ya huko kwao, ndiyo alama kwamba kaingia kwa idhini. Haji mwenyewe ndiye aliyenieleza. Idi iliyopita tulichinja wawili." Ndipo akatutazama nyuso. "Kwani nimesema nini?"

Nilisikia kijiko cha Mama Eda kinakoroga chai ambayo hakuwa ametia sukari.

"Haji," wakili akasema, "nitakusaidia kwa lolote. Ila sitaweza kusimama popote niseme hukujua."

Haji alivua kofia akaiweka gotini, akaikunja, akaikunjua. Bi Zuhura aliweka sinia chini, akakaa karibu naye.

"Vitambaa nilivitoa mimi," Haji akasema mwishowe. "Niliona aibu mbele ya wageni. Simu ya Amba niliikumbuka baadaye, tuko njiani kwenda Mafinga, nimeshika usukani." Akamgeukia Mzee Kalinga. "Majogoo wako niliwapokea, mzee. Uliingia kwa idhini yangu." Kisha Mama Eda. "Shamba ni langu, mama, na mguu wako uko juu yangu."

"Uko juu yako," Mama Eda akasema, "lakini unauma kwangu. Mimi nataka kulimiwa."

"Utalimiwa."

"Trekta lianze kwangu, ndiyo liende kwako. Siyo lije kwangu mvua zimeshakwisha."

"Litaanza kwako."

"Na huyu mzee asiguswe mabati."

Wakili aliandika yote, na matibabu hadi mwisho wake, wakatia sahihi, Mama Eda kwa kidole gumba. Haji alikwenda polisi mwenyewe akasema yaleyale aliyoyasema sebuleni. Mzee Kalinga hakushtakiwa kwa kuingia kwa siri. Alionywa, na gobore aliambiwa anaweza kulifuata. Hakulifuata. Alisema mikono imeshazoea kuwa mitupu. Alikuwa anakuja shambani hivyo hivyo, anatazama nyayo, anarudi kwake, hadi kifua kilipomchukua.

Vitambaa vilirudi. Haji mwenyewe alinunua jora zima la kitambaa chekundu, na wageni wakiuliza anawaeleza yeye kabla hawajashuka garini. Njia tuliihamisha, tukaipitisha pembeni ya misindano. Kibali cha silaha ya shamba akakiomba, kabati la chuma likaja, na mzigo alioukataa siku yangu ya kwanza akaubeba. Ninyi sasa mnalikuta kabati pale mnadhani lilizaliwa na nyumba. Mkimwingiza mtu na bunduki, hata kama ni kwa kichwa tu mmemkubalia, hata kama ni kwa kupokea alichowaletea mkanyamaza, mmemruhusu, na tajiri wenu ameruhusu. Mjue nani anapita. Mjue ikikosa inakwenda wapi. Na alama ya hatari asiitoe mtu asiyejua bunduki iko upande gani, awe tajiri, awe mgeni, awe nani.

Mama Eda anachechemea hadi leo. Kila trekta linapoanza kwake anasimama mpakani na fimbo yake, analisimamia kwa ukali kuliko mimi nilivyowahi kuwasimamia ninyi. Nikipita ananiita, "Wewe wa ndizi, mstari ule umepinda!" Na kweli huwa umepinda.

Kwa Haji nilibaki miaka mingine mingi. Hakunifukuza, hakunisema. Ila hakuniita tena "mwanangu." Aliniita "Msimamizi." Kazini jina hilo ni zuri, nililipigania. Lakini kila akiliita nilikuwa najisikia kama mtu aliyesahau kitu ndani ya basi.

Siku ya kuniaga mlinipikia pilau, mkanisifu kidogo kuliko nilivyostahili, nikawasamehe. Haji hakuja, ameshazeeka, magoti hayamruhusu. Alimtuma dereva na boksi lenye matundu. Ndani yake jogoo mwekundu, mkia mrefu, jicho kali, wa uzao wa yule yule.

"Kasema nini?" nikamwuliza dereva.

"Kasema, 'Mpelekee mwanangu. Atajua mwenyewe.'"

Nikamwambia arudie. Akarudia.

Mke wangu alipomwona hapa Soweto alisema ni supu. Nikamwambia akimgusa nahama. Sasa yuko uani, majirani wanalalamika, maana anatangulia hata adhana. Akiwika mara ya kwanza, mimi nimeshasimama sakafuni, buti moja mguuni, lingine mkononi, napapasa ukutani kutafuta vitambaa vyekundu ambavyo viko kule shambani.